Walipopaza "Bale!" Mimi Nikaitika

Aibu hii nimeificha vya kutosha, acheni niitapike.

Tangu tufike huku ugenini Beechmont, hakuna aliyetuita popote isipokuwa maofisini. Ndipo Simran, Mhindi tunayefunga naye maboksi kazini, akatualika mimi na jirani yangu Mama Neema kwenye sherehe yao ya mavuno ya ngano. Nikavaa kitenge kipya na kilemba kirefu kama mnara.

Ngoma ikalia. Wachezaji wa bangra, ngoma yao ya Kipunjabi, wakarusha mikono juu, mabega yakiruka, wakapaza sauti wakitutazama: "Bale, bale!"

Sasa, kwetu Bukavu, Kongo, "bale" ni "wale".

"Unasikia? Banatuita!" nikamwambia Mama Neema.

"Bon, labda si siye."

"Ni nani tena? Bageni ni siye babili tu!"

Nikamvuta mpaka jukwaani. Nikacheza ngoma ya mavuno ya maharage ya kwetu, nainama, nang'oa, napepeta. Kila wakipaza "Bale!", naitika kwa sauti yangu ya kwaya, "Ni siye!"

Ngoma ikanyamaza. Simran akapanda akifuta machozi ya kicheko.

"Dada, hiyo ni kelele ya furaha tu," akaniambia kwa Kiingereza. "Hawakumwita mtu."

Kilemba kilikuwa kimeshanishukia puani, nami nikakiacha hapo hapo kinifiche.

"Na wewe ulikuwa unajibu nini?"

"Kwamba ni sisi," nikanong'ona.

Akamtafsiria mzee mpiga ngoma. Yule mzee akapiga mara mbili, na ukumbi mzima ukapaza:

"Ni siye! Ni siye!"