Kofia ya Mjomba

Mwaka ule niliitwa kwenye usaili wa kuchaguliwa kuwa afisa wa jeshi, na ndio ulikuwa mwaka wa mwisho ambao umri wangu uliruhusu. Mjomba, sajenti mstaafu, akasema atanifua mwenyewe. Kila jioni nikawa natoka mjini kwenda kwake Kasense, sweta mwilini, upepo wa Ufipa ukinichapa masikio.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, karibu na maharage yaliyoanikwa kwenye turubai. Mimi nilisimama mbele yake.

"Kifua mbele. Nitazame machoni. Unasemaje?"

"Jambo afande."

"Umeamkia kuku?"

Nikarudia kwa sauti, mpaka shangazi, mke wake, akachungulia kutoka jikoni.

Tabu ilikuwa magoti. Kwetu binti hamwamkii mkubwa wake akiwa amesimama kama mlingoti. Unapiga goti, unashusha macho, ndipo unasema shikamoo. Mjomba alikataa goti, lakini zoezi likiisha tu alilidai. Siku ya kwanza nilimuaga nikiwa nimesimama, akanuna, akamuuliza shangazi kama mjini siku hizi wanafundishwa kiburi. Nilikasirika. Nikamuuliza nitajuaje saa hizi yeye ni afande au ni mjomba.

Akafikiri, akagusa kofia yake ya sufu, ile ambayo kwa baridi yetu alilala nayo.

"Nikiivaa, mimi ni jopo. Nikiivua, mimi ni mjomba wako."

Basi tukaenda hivyo wiki nne. Kofia kichwani: "Askari wako wamekosa maji, unafanya nini?" Nami najibu, kifua mbele. Kofia ikivuliwa, goti chini, shikamoo mjomba. Mara moja aliivua ajikune katikati ya swali, nikajikuta niko chini. Alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka, maana goti lilishuka bila kuniuliza. Nilitaka kumwambia kwamba naogopa, ila kofia ilikuwa imesharudi kichwani.

Usaili ulifanyika mbali na kwetu, huko kwenye joto la kukamua. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama wa makamo, kofia imekaa sawasawa. Niliingia, nikasimama kwa ukakamavu.

"Jambo afande!"

Hata mimi niliipenda sauti ile. Aliuliza ninatoka wapi, nikajibu. Aliuliza kwa nini jeshi, nikajibu macho kwa macho. Kisha akashusha pumzi, akavua kofia, akaiweka mezani, akajifuta jasho.

Nikapiga goti.

"Shikamoo mama," nikasema, macho sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Binti, umeangusha kitu?"

"Hapana, afande. Umevua kofia."

Nilisikia wenzake wakigeuka kumtazama. Mpaka leo sijui alielewa nini. Aliandika kwa muda mrefu, akanishukuru, nikatoka nikiwa sijui ni mlango gani niliingilia.

Majina yalipotoka, langu halikuwemo. Nilikwenda Kasense kumwambia mjomba. Nilimkuta amesimama getini kwake, ameshika kofia mkononi. Hakuivaa wala hakuiweka mfukoni, alikuwa akiizungusha tu. Sikujua nimpigie goti au nisimame wima. Mwisho nilisimama tu, nikamtazama.

"Umepata?"

"Sikupata, mjomba. Afande alivua kofia, nikapiga goti."

Wiki nne zote alinifundisha nisishushe macho mbele ya mkubwa. Siku ile sikuyashusha, aliyeyashusha ni yeye.