Magoti Yangu Mbele ya Wakwe

Mupaka leo watu ya Irumu wananisifu juu ya ile siku, na kila wakinisifu nasikia haya mupaka masikio inakuwa moto. Miye niko shangazi ya Déo, bwana-harusi, na kwetu shangazi ndiye anatangulia kucheza wakati familia inaenda kutoa mali ya bibi, ndiyo mahari. Basi tukatoka Irumu kwenda Bunia, mu mutaa ya Lumumba, nimebanwa kati ya ngoma na mbuzi (mbuzi iko na nafasi kunishinda), gari ikazama mu matope, wakwe walitungojea midi, saa sita ya muchana, siye tukafika jua ikishuka.

Baba ya binti alinuna sana. "Hatuozeshe mutoto kwa watu bila heshima. Murudi na mbuzi yenu!"

Maskini Déo, alitaka kulia. Lakini akaninong'oneza: "Tantine, utembee kwanza kidogo, unyooshe miguu."

"Miye niko ng'ombe ya kutembezwa?" Nikaingia palepale na kucheza kwetu, kule kwa kushuka chini-chini. Kushuka nilishuka vizuri. Kupanda ndio shida! Kiuno ikakataa, mapaja ikakauka kama mukaba wa ngozi uliosahauliwa kwa jua, nikasukuma kwa nguvu, ikakaza zaidi, nikaanguka magoti mbele ya muzee, machozi inatoka.

Familia yangu kuona vile, wote wakapiga magoti nyuma yangu mu matope, hata mujomba na suti yake ya kuazima. "Baba, utusamehe!" (Miye nilikuwa nasema munisaidie, nani alisikia?)

Muzee macho ikamujaa machozi. "Musimame. Mutoto ni wenu."

Wote wakasimama. Miye, wapi!

Bibi-harusi mwenyewe, Furaha, akaja kunikumbatia. Kazi yake ni kunyoosha viungo ya wagonjwa ku hospitali, alijua mara moja. Akaniwekea mikono kwa kiuno: "Usilazimishe, tantine. Misuli ikikunjwa muda murefu inakaza, na ukiivuta kwa nguvu inajikaza zaidi kujilinda. Pumua, polepole." Nikapumua, ikaachilia, nikasimama, vigelegele ikapigwa!

Sasa Furaha ni wetu, na kila asubuhi ananisimamisha kwa ukuta tunanyoosha miguu, miye nanung'unika, yeye anacheka. Naapa, sitashuka tena mbele ya watu na mwili baridi.

Juzi baba yake alikuja kututembelea, akaanza kuelezea majirani vile nilijinyenyekeza. Nikaangalia chini. Furaha anajua ukweli ya kiuno yangu, lakini hakunisemea.

"Tantine," akaniambia tu, "inuka polepole, umupatie baba chai."