Daku la Paka

Nafundisha madrasa hapa Kasubi, na mambo ya kufunga ndiyo somo langu. Kwa hiyo daktari wa mifugo kule Lubaga aliposema paka wetu, Sukari, aje kupasuliwa uvimbe akiwa amefunga, sikuuliza kitu. Nilimwamsha kabla ya adhana ya alfajiri, nikampa daku la kutosha: mukene, wale samaki wadogo, na maziwa. Baada ya hapo hata maji sikumwonjesha.

Kule kliniki, daktari alimnyoa manyoya ya tumbo, kisha akashika sindano ya usingizi.

"Mzee, huyu hajala?"

"Daktari, kwangu hakuna anayekula mchana."

Bodaboda ilikuwa imemtikisa Sukari. Akatapika mukene mezani.

Daktari akairudisha sindano taratibu. Alisema paka angelazwa usingizi na tumbo lile limejaa, chakula kingempalia akafa.

"Amekula saa ngapi?"

"Wakati wa daku," nikasema.

Afande mmoja alikuwa mlangoni na mbwa wake, akisubiri zamu. Akaitazama kofia yangu, akamtazama paka.

"Sheikh," akauliza kwa upole, "na jioni atafuturu nini?"