Nafula, Hiki Umekisikia?

Ukitaka kumuudhi Benedeta, mwambie kitabu cha watoto ni kitabu kidogo. Atakutazama juu mpaka chini, kisha akuulize kama wewe ulizaliwa mtu mzima. Mimi Ikiring nilimwambia hivyo siku ya kwanza alipokuja redioni kwetu, hapa Busia, na mpaka leo ananikumbusha. Basi nikafunga mdomo, nikamfungulia maiki. Tangu hapo kila Jumamosi jioni anakaa mkono wangu wa kuume akisifu vitabu vipya vya watoto na vijana, na watu wa pande zote mbili za mpaka wanaacha kazi zao wamsikilize.

Ana duka la vitabu na madaftari karibu na soko. Wachapishaji wa Kampala na wa Nairobi wanamletea vitabu kabla wino haujakauka, maana Benedeta akisifu, kitabu kinanunuliwa. Lakini hasifu ovyo. Akipata kitabu anakibeba hadi nyumbani Dabani, anawakusanya watoto wa majirani, anawapa karanga wamenye, naye anasoma. Nyuso zao hazitazami. Nyuso za watoto, anasema, zina adabu mno, zinadanganya. Anatazama mikono. Mikono ikiendelea kumenya, kitabu kimelala. Ikisimama, hapo anakunja ukurasa na kuweka alama. Sifa yake kubwa kuliko zote ndiyo hiyo: "Kitabu hiki kimesimamisha mikono." Siku hizi hata walevi wa hapa mjini wanasifia pombe kwa maneno hayo, wala sisemi uongo.

Kila akimaliza kusifu, kabla sijaweka muziki, anasogelea maiki na kusema, "Nafula, hiki umekisikia?"

Wasikilizaji walidhani ni mbwembwe za redio. Shida ni kwamba Usamia nzima imejaa kina Nafula, maana msichana akizaliwa wakati wa mvua jina lake ndilo hilo. Wakaanza kuja! Nafula wa Lunyo kaja na mama yake kudai kitabu. Nafula wa ng'ambo kavuka mpaka na sare za shule. Siku moja akaingia bibi kizee na bakora yake, hana jino hata moja, akasema, "Nimesikia mnaniita." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Benedeta hakucheka. Alimpa yule bibi kitabu, akamsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Nafula anayemwita ni mjukuu wake. Binti yake Resty alimzaa na kijana wa Nagongera anayeitwa Othieno, bila mahari wala kikao, kisha Resty akafariki mtoto angali hajatambaa. Benedeta akamlea. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa na ungo wa karanga akisikiliza hadithi, na akipenda mahali alikuwa anapiga ungo kwa kiganja na kusema, "Rudia hapo." Alipoingia darasa la tatu, ukoo wa baba ukaja: wazee, mbuzi, maneno ya heshima. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na Benedeta analijua hilo, hakubishana. Wazee walimwomba jambo moja tu. "Mama, usije kwanza. Mwache mtoto azoee. Akizoea tutakuita." Akaitikia. Wakampeleka Nagongera, na huko wakamwita Awor. Alizaliwa usiku, na mvua ilikuwa inanyesha. Wasamia walichukua mvua, Wajopadhola, watu wa baba yake, wakachukua usiku.

Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Hawakuita. Nambari ya simu waliyomwachia ikawa haipatikani. Mimi nilikuwa napandwa na hasira kwa niaba yake. "Panda boda uende, Mama Resty," namwambia. "Hao watu si simba."

"Si watu wabaya," ananijibu. "Na mimi niliitikia. Nikienda sasa, mtoto akanililia, watasema ndimi ninayemharibu."

Basi akabaki na hamu yake. Nimemwona dukani akimpima kwa macho kila msichana anayeingia, "Sasa atakuwa amefika hapa," anaweka mkono kifuani, wiki nyingine anaupandisha kidogo. Chai anapika ya watu wawili halafu anaimwaga. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mjukuu je? Huo haujapewa hata methali. Kilichomshika ni redio tu, kwa sababu fundi wetu alimwambia siku ya hali nzuri mawimbi yetu yanafika mpaka Nagongera. Kwa hiyo anasifu, anaita, anarudi nyumbani.

Sasa Jumamosi moja mwaka huu akaja na kitabu cha vijana, kipya, jalada la kupendeza. Ni habari ya msichana anayetolewa kwa bibi yake na kupelekwa kwa shangazi mjini. Sura ya kwanza analia, ya pili anapata rafiki, ya tatu anacheka, na mwisho mwandishi anasema ameisahau nyumba ya zamani kama mtu anavyosahau ndoto. Kabla hatujaingia hewani nikamuuliza, "Mikono ilisimama?"

Akakohoa. "Haikusimama."

"Utakiponda, basi."

"Nitakisifu."

Ala! Benedeta yule yule aliyewahi kumrudishia mchapishaji boksi zima mbele za watu! Na kweli akakisifu. Jamani, alikisifu! Alisema mwandishi ana huruma. Alisema afadhali mtoto asahau kuliko aumie. Hapo nikaelewa kwamba hasifu kitabu, anaomba dua. Nikamwonea uchungu sana, nikajifanya natafuta wimbo. Akamwita Nafula wake.

Simu ikaita.

Nikuambie kwanza: kabla yetu kuna kipindi cha ufugaji wa kuku, na wafugaji ni watu wa kuchelewa. Kila Jumamosi ananipigia mmoja, kuku wake wanaharisha, wakati mimi niko kwenye fasihi. Kwa hiyo niliipokea hewani nikiwa nimekunja uso. Sauti ya mwanamke ikasema, "Hapa ni Dorah, mke wa Othieno, Nagongera. Kuna mtoto anataka kusema." Othieno wako wengi kama Nafula, sikushtuka. Kisha kakaja kasauti kadogo, mawimbi yanakwaruza.

"Kuku, kitabu hiyo inadanganya."

"Mtoto mzuri," nikasema, "kipindi cha kuku kimekwisha. Sasa tuko kwenye vitabu."

"Si kuku!" akasema kwa hasira. "Kukhu!"

Mimi ni Mteso wa Tororo, lakini nimekaa Busia vya kutosha. Kukhu ndivyo Wasamia wanavyomwita bibi. Kule Nagongera hakuna mtoto anayesema hivyo, labda mmoja. Kabla sijafumba mdomo Benedeta alikuwa ameshaninyang'anya hedifoni, pamoja na nywele zangu za kusukia, nami nikabaki kusikiliza kwenye spika ya mezani.

Nilidhani atalia. Nilidhani atauliza mtoto anakula nini, analala wapi. Aka! Mtu na kazi yake. Aliuliza, "Inadanganya wapi?"

"Pale mwisho. Anasema huyo msichana alisahau. Mwandishi hajui. Mimi huku nacheka, niko na marafiki, Mama Dorah ananipenda. Lakini mtu hasahau, kukhu. Anazoea tu."

Benedeta akafumba macho. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza yangu. "Wewe ungeandika vipi?"

Mawimbi yakakwaruza, nikaogopa laini imekatika. Halafu kasauti kakarudi, polepole.

"Ningeandika anauliza kila siku, kukhu anakuja lini. Wanamwambia ngoja, bado. Jumamosi sauti yako inakuja. Wewe hauji."

Laini ikakatika kweli. Redioni kimya ni dhambi, bosi atakukata mshahara, lakini mimi nilikuwa natafuta leso. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujua nianzie wapi kuyafuta. Benedeta ndiye aliyesogelea maiki.

"Wasikilizaji," akasema, "kile kitabu nilikisifu vibaya. Mwandishi anajua kuandika, lakini mwisho wake ni uongo, na mimi niliutamani uwe kweli. Huo uongo ni wangu pia. Msikinunue mpaka arekebishe."

Akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Tuko hewani! Bado kuna kitabu cha pili!"

"Nagongera."

"Na wazee je? Si uliitikia kungoja?"

"Walisema akizoea wataniita," akasema, akivaa kiatu cha pili. "Umemsikia kwa masikio yako, Ikiring. Amezoea. Na ameniita."

Akatoka. Aliubamiza mlango wa studio mpaka meza ikatikisika, na kwa kuwa maiki ilikuwa wazi, wote waliokuwa wakisikiliza waliusikia.