Kuku Aliyevunjika kwa Ajili Yangu

Nianze na upumbavu wenyewe ili msije mkasema nimeuficha: nilimbadilisha kuku. Ndiyo, kuku. Nilimtoa kuku mgonjwa chini ya uchaga wa mama, nikaweka kuku mzima mahali pake, nikamfunga mguu wake mzima kana kwamba umevunjika, halafu nikaenda kula ugali kwa amani kama mtu aliyetoka kuswali. Kwa sababu ya kuku huyo nimeaibika wilaya mbili, Handeni na Korogwe, daraja ambalo hata wezi wa ng'ombe wengi hawajalifikia.

Lakini ugomvi haukuanza na kuku. Ulianza na mguu.

Jumapili moja tulikuwa tunacheza mpira wa matambara nyuma ya ofisi ya kijiji, Mhina akanikwatua (Mhina ni rafiki yangu, mtu wa kunisaidia katika kila jambo baya), nikaanguka, kifundo cha mguu kikavimba mpaka kikawa kama boga changa. Kuuma kuliuma, sikatai. Ila kesho yake darasa la saba zima lilitakiwa kwenda kupalilia pamba kwenye shamba la shule, elimu ya kujitegemea, na jembe langu lina mpini unaomtoa mtu malengelenge kabla hajaanza kulima. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nikaongeza sauti kidogo. Nikaongeza tena. Mama akaacha mboga jikoni, akanibeba mgongoni, mimi dume zima nina ndevu tatu, mpaka kwa Bibi Mwanamvua.

Bibi Mwanamvua ndiye mganga wa mifupa wa kijiji chetu, na tangu serikali ituhamishie hapa, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi, hata watu wa Kwedizinga na Mazingara wanamfuata. Alimuunga baba yangu mfupa wa mkono alipoanguka na tenga la muhogo. Si mtu wa kujishusha. "Mimi nikikuunga mfupa," husema, "ukitaka kuvunjika tena tafuta mahali pengine, hapo pangu hapavunjiki!"

Akaminya kifundo, nikalia. Akaminya juu yake, nikalia. Akaminya goti ambalo halikuwa na neno lolote, nikalia pia, maana nilishazoea.

"Uvimbe ni mkubwa, vidole vyangu havifiki mfupani," akasema. "Niambie wewe mwenyewe. Ulipoanguka uliusikia mfupa ukilia?"

Hapo ndugu zangu ndipo ningeweza kuwa mtu mwema. Nilifikiria pamba, nikafikiria ule mpini.

"Ulilia, Bibi. Ka!"

"Ka moja au mbili?"

"Mbili," nikasema, maana nimelelewa nisiwe mchoyo.

Sasa, kwetu mtu akivunjika mguu hatibiwi peke yake. Anatafutwa kuku, anavunjwa mguu uleule, kisha wote wawili wanapakwa dawa moja na kufungwa vibanzi vya mwanzi vya aina moja. Siku kuku atakapoukanyaga mguu wake na kukimbia, ndiyo siku anayofunguliwa mgonjwa. Kabla ya hapo hafunguliwi, hata aje mkuu wa mkoa.

Mama akaenda kumleta Madoa. Huyu Madoa ni kuku wake mtagaji, mweusi mwenye madoa meupe, ambaye wageni wakija huwa anafichwa chumbani wasije wakamtamani. Bibi akamshika, akageuka pembeni, nikasikia: ka! Moja tu. Ndipo nikajua mfupa hulia namna gani. Mama akanipapasa kichwa mimi, akampapasa na kuku, akasema "Poleni, wanangu," nami nikaitikia asante kwa niaba ya wote wawili.

Baada ya hapo nikala maisha. Wenzangu wanapalilia, mimi nimelala kivulini na mguu juu ya kinu, naletewa uji. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kunipa pole na mkungu wa ndizi. Hata mwalimu wa zamu, yule ambaye tukimwona tunajificha, alinisalimia kwa upole nikadhani amekosea mtu. Uvimbe ukashuka, maumivu yakaisha, nikawa nainuka mama akiwa shambani, nacheza ngoma peke yangu kwa mguu mmoja na nusu.

Ndipo Mhina akaja anahema.

"Salehe! Tunakwenda Old Korogwe Jumamosi! Shule yetu imepata mechi, tunapelekwa na lori la ushirika!"

Nikaruka, nikakumbuka mgonjwa haruki, nikakaa. Mimi ndiye winga wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikiota kuvuka mto Pangani na jezi mgongoni tangu darasa la nne. Nikamtazama Madoa chini ya uchaga: amelala, jicho moja limefumba, mguu umenyooka na vibanzi vyake, hana safari yoyote.

"Huyu hakimbii Jumamosi," Mhina akasema.

"Huyu hakimbii mpaka pamba ivunwe," nikasema mimi.

Tukatazamana. Bibi yake Mhina ana kuku mwingine wa madoa, ndugu yake Madoa tumbo moja, mama alimpa akiwa kifaranga. Ukiwaweka pamoja hata jogoo wao anasalimia mara mbili.

Siku iliyofuata kijiji kizima kilipokwenda shamba la kijiji, Mhina akaja na kuku ndani ya kikapu. Tukambadilisha. Yule mzima tukamfunga vibanzi ovyo ovyo, na Madoa wa kweli, na vibanzi vyake halali vya Bibi, akapelekwa jikoni kwa bibi yake Mhina, akafunikwa tenga kwenye kona yenye giza. Mhina akamwambia bibi yake, "Kuku wako anatamia, usimfunue, mayai yatapoa." Mimi nilimwona Mhina ni mtu mwenye akili sana. Ndilo kosa langu la tatu, kama mnanihesabia.

Asubuhi vibanzi vilikuwa vimedondoka vyenyewe, na kuku anamfukuza jogoo wa jirani kutoka mstari wetu wa nyumba mpaka mstari wa pili. Mama akapiga kigelegele. Bibi Mwanamvua akaja mbio na bakora yake, akamkamata kuku, akampapasa mguu juu, chini, juu tena.

"Hata nundu ya mfupa siisikii," akanong'ona. Kisha akasimama wima na sauti yake ikarudi. "Ni ule mzizi niliouongeza safari hii! Niliwaambia! Mwezi hata haujafika nusu! Mfungueni mtoto!"

Nikafunguliwa huku akina mama wanaimba. Kifundo kilikuwa kikavu kama ufunguo wenye kutu, kinagoma kukunjika, lakini nikatembea, nikatabasamu, nikajiona nimeshafika Korogwe. Sikujua kwamba habari ina mbio kuliko kuku.

Ilifika zahanati, na siku hiyo zahanati palikuwa na mgeni, daktari kijana wa kutoka milimani Lushoto, anafanya kazi hospitalini Korogwe. Alikuwa anazunguka vijijini akichunguza mifupa na viungo vinavyopona: nani alifungwa plasta, nani alifungwa mwanzi, nani aliachwa atembee mapema, na kila mmoja alibaki na mguu wa namna gani. Akaja kwetu na kidaftari na miwani mikubwa, akamwamkia Bibi shikamoo vizuri kabisa, akasikiliza habari za kuku mpaka mwisho bila kucheka.

"Bibi," akasema, "kama mfupa wa kuku umeungana haraka namna hii, naomba nikauone kwa macho. Jumamosi nitakuja na gari. Nitampiga picha ya eksirei kijana, na kuku pia."

"Mpige," Bibi akasema. "Na hiyo picha uibandike ukutani, kila anayefunga watu chokaa aione."

Jumamosi! Na hospitali iko kulekule tunakokwenda kucheza! Ikawa sherehe ya kijiji. Lendirova mbele: daktari, Bibi Mwanamvua na kanga mpya, mama, na mimi na kuku mapajani. Nyuma yetu lori la ushirika limejaa timu, wasichana wa darasa letu, waalimu, mwenyekiti wa kijiji, bibi yake Mhina ambaye alisema hajawahi kuona kuku akienda hospitali na hatakufa bila kuona, wote wanaimba. Kila shimo lilipolirusha gari, kuku alinitazama. Na mimi nilimtazama. Sisi wawili tu ndani ya gari lile tulijua ukweli, na mwenzangu alikuwa na bahati ya kutoweza kusema.

Hospitalini tulipigwa picha, mimi kwanza, kuku baadaye (alishikwa na watu wawili, na bado alimkosea adabu mmoja wao kwenye mkono). Daktari akatoka nje barazani ambako wagonjwa na watu wetu walikuwa wamejaa, akainua picha yangu kwenye mwanga. Nikaona mifupa yangu, myeupe kama ya samaki aliyekwisha kuliwa.

"Mfupa wa kijana haukuvunjika. Aliteguka tu. Hilo linatokea, hata sisi uvimbe hutudanganya." Akainua ya kuku. Akaitazama. Akaigeuza. Akavua miwani, akaivaa. "Bibi… samahani sana. Na huyu hakuvunjika. Mguu huu haujavunjika tangu atoke kwenye yai."

Mtu mmoja aliyefungwa plasta mpaka pajani akaangua kicheko. "Kumbe waganga wa Handeni wanavunja kuku kwa mdomo!" Wote wakacheka. Hata baadhi ya watu wetu wa lori, wengine wakatazama chini.

"Nimeuvunja mimi!" Bibi akasema. "Kwa mikono hii! Mama Salehe, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Bibi," mama akasema, lakini sauti yake ilikuwa inauliza.

Bibi akainua mikono yake miwili akaitazama, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akaificha ndani ya kanga yake mpya. Mikono iliyomuunga baba yangu. Nilijua akirudi kijijini hivi, hakuna mtu wa Mazingara wala Kwedizinga atakayempa mguu wake tena. Nilijua pia kwamba timu nzima iko pale, na wasichana wa darasa letu wako pale, na wachezaji wa Old Korogwe wamekuja kutuchungulia. Nikafungua mdomo.

"Si huyu."

"Si huyu nini?" daktari akauliza.

"Kuku. Kuku mwenyewe si huyu."

Hapohapo kuku, aliyewekwa juu ya meza ya daktari pale barazani, akajiinamia, akasukuma, akataga yai.

"Lo!" bibi yake Mhina akapiga kelele, akipasua watu kwa viwiko. "Hilo yai ni la kwangu! Nalijua, lina ncha mbili! Mhina! Si ulisema kuku wangu anatamia?"

"Anatamia, Bibi…"

"Anatamia nini?"

"Anatamia mguu," nikamsaidia.

Nikayasema yote, pamba, mpini, zile ka mbili, tenga, yote, mbele ya umati, na kila nililolisema walicheka zaidi, mpaka yule wa plasta akalia kwamba anaumia, anyamazishwe mtu huyu. Daktari alicheka akiwa amekaa chini, ameshika ukuta. Bibi Mwanamvua peke yake hakucheka. Alinifuata, akanishika sikio na kulizungusha taratibu, na nikasikia vizuri kwamba mikono imetoka ndani ya kanga na nguvu zake zote.

Mechi sikucheza. Daktari alinipima kifundo, akasema kiungo kilichoteguka kikifungwa muda mrefu kinasahau kazi, kwa hiyo uvivu wangu ndio ulionipa ugonjwa ambao anguko halikunipa. Nilikaa pembeni mwa uwanja na kuku mapajani, watoto wa Old Korogwe wananiimbia "Daktari wa kuku! Daktari wa kuku!" na Mhina, ndani ya jezi yangu, kwenye winga yangu ya kushoto, akafunga mabao mawili. Mawili! Mtu anayepiga mpira kama anafukuza nyoka!

Wiki iliyofuata daktari alikuja kumchukua Madoa wa kweli, na alipomrudisha alileta picha yake. Tuliiona wote kwenye dirisha la ofisi ya kijiji: hapa palivunjika, na hapa mfupa mpya umejizungusha kama udongo wa mchwa kwenye mti, umenyooka sawasawa. Yule mwenye plasta, nasikia, ndiye aliyeonyeshwa kwanza. Daktari akakaa kwenye mkeka wa Bibi mpaka chakula kikaiva, anauliza habari za mwanzi, na Bibi anauliza habari za plasta, na kila mmoja anamwambia mwenzake alipokosea.

Kisha Bibi akatoa hukumu. "Kuku alivunjwa kwa ajili yako. Sasa wewe utasubiri kwa ajili ya kuku. Hugusi mpira mpaka Madoa akimbie." Kwa hiyo nikapalilia pamba ya shule na mahindi ya kijiji kwa mpini uleule, jioni nikamkanda Madoa mguu kwa mafuta na kumbembeleza atembee, na sijawahi kumwombea mtu uzima kama nilivyomwombea ndege yule. Tangu siku hiyo nimeapa: likiniuma nitasema linaniuma, na idadi ya ka sitaongeza.

Madoa alikimbia siku ya Ijumaa, akitupa mguu kidogo upande kama bibi harusi. Nilishangilia, nikauchukua mpira, nikawa natoka mbio. Mama, ambaye tangu Korogwe hakuwa amesema neno hata moja juu ya jambo lile, akaniita kutoka jikoni, akanitazama, akamtazama na kuku, akasema:

"Salehe, siku kuku huyu akivunjika tena, nitakupeleka wewe kwa Bibi ukavunjwe, tuone nani atapona kwanza."