Aliyenifundisha Kukataa Ndiye Aliyeninyoa Sokoni

Admin, ukiiweka hii toa jina langu na la ukoo wangu, maana hapa Arua tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili, mjane, nina watoto na wajukuu. Nimeandika mwenyewe kwa simu, mnisamehe makosa. Jambo hili ni la zamani, ila wiki iliyopita limeniingia tena nyumbani.

Enzi za serikali ya jeshi nilikuwa msusi katika soko la Arua. Mume wangu alikuwa kibarua Jinja, nami nina mtoto mchanga mgongoni. Kazi nilifundishwa na mama mmoja aliyetoka upande wa Kongo, nitamwita Mama Odeta. Alinipa kigoda karibu na chake, akanifundisha kusuka kwa uzi, na akanifundisha kukataa. Maana mimi nilikuwa siwezi. Mtu akisema nisuke bure, namsuka. Akisema niache mteja nimshike yeye, naacha. Mama Odeta alikuwa ananiangalia tu, halafu siku moja akanikalisha.

"Weye utakufa na aibu," akaniambia. "Lakini usimwambie mutu hapana yenyewe, hapana peke yake iko kama kofi. Mupe kiti, mupe maji, mushukuru. Kisha mwambie kile unaweza kumufanyia."

Nikajifunza. Nikawa nakataa na watu wanaondoka wakicheka.

Basi akawa anakuja mke wa afande mmoja, sisi tulimwita Madamu. Nywele zake nzito, alipenda mkono wangu. Kwanza alitaka nimfuate nyumbani Jumapili, nikaenda. Halafu siku moja akaja na neno jipya: anahamia Koboko, kwenye nyumba yao kubwa, na anataka nikakae huko niwe msusi wake peke yake.

"Na mtoto, Madamu?"

"Mtoto iache kwa mama yako. Mimi hapana taka kelele ya mtoto kwa nyumba yangu."

Mwanangu alikuwa hajaota hata jino. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikampa kiti, nikampa maji, nikapiga goti. Nikasema, "Madamu, umeniheshimu sana. Mtoto bado ananyonya, siwezi kumwacha. Lakini ukija Arua siku yoyote, nitakusuka wewe kabla ya watu wote." Alitabasamu. Akanywa maji, akasema asante, akaenda. Mama Odeta akanipiga begani: "Leo umekuwa mutu mukubwa." Nilirudi kwetu Dadamu nikiimba njia nzima.

Siku ya soko Madamu akarudi na askari wawili. Watu walikuwa wamejaa, wauza samaki, wauza mihogo, kila mtu. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akanionyesha kwa kidole.

"Huyu anasema mtoto yake iko mkubwa kuliko mimi. Mkalisheni chini."

Wakanikalisha kwenye vumbi. Mtoto alichukuliwa na mama muuza nyanya. Kisha Madamu akamgeukia Mama Odeta. "Wewe. Toa hii nywele yake."

Nilimwangalia Mama Odeta. Nilikuwa nangoja ampe maji. Nangoja apige goti, aseme Madamu huyu bado mtoto, aseme wembe wangu ni butu, neno lolote, maana hakuna mtu Arua aliyejua maneno kama yeye. Akachukua wembe.

"Yote, Madamu?"

"Yote."

Akanilowesha kichwa, akaninyoa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hakunikata hata mahali pamoja. Mtoto alisikika akilia, maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, blauzi ikalowa yote kifuani, na wale askari wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wanawake wa soko wakatazama samaki wao. Madamu alipoinuka akamwambia Mama Odeta, "Wewe iko na akili. Jumatatu gari itakuja kuchukua wewe."

Jumatatu alipanda ile gari. Wakati sisi tunatafuta sabuni kama dawa, yeye alikuwa anarudi kutoka Koboko na sabuni na sukari, watu wanamwamkia kwa mikono miwili. Na mimi, nani akalie kigoda cha msusi mwenye kipara? Hata nywele zilipoota, wateja waliogopa kuonekana nami. Nikashika jembe. Nilikutana naye mara moja tu, njia ya Pajulu. Hakusema pole. Alisema, "Ungeenda tu, haya yote hayangekuwa. Sasa unaninunia mimi, ningefanya nini? Mimi pia niko na batoto." Serikali ile ilipoanguka Madamu na afande wake walivuka mpaka, sikuwasikia tena.

Sasa wiki iliyopita akaja binti wa Mama Odeta na mkate na soda. Mama yake yu hai, mzee kabisa, anakaa Manibe. Wanawake wote aliowafundisha kazi wanamfanyia ibada ya shukrani kanisani, na mimi ndiye nisimame nimzungumzie, kwa sababu wa zamani kama mimi wamekufa. Nikasema, "Mwanangu, nashukuru, lakini sauti yangu imezeeka." Akasema kuna kipaza sauti. Nikasema magoti. Akasema nitaongea nimeketi. Halafu akanishika mkono: "Mama, hatukukuchagua sisi. Yeye mwenyewe ametaja jina lako."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Labda anataka nimsamehe kabla hajafa. Au labda amesahau kabisa, ananikumbuka tu kama msichana aliyemfundisha vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko wembe. Nikikaa nyumbani watauliza kwa nini. Nikienda, mdomo wangu siuamini, na wajukuu zake watakuwa wameketi mbele.

Ndugu zangu mnaosoma, ibada ni Jumapili hii. Niambieni ukweli: niende? Na nikipewa hicho kipaza sauti, niseme nini?