Somo la Kuelea la Mwalimu Chesang

Mwalimu Chesang alikuwa amefundisha sayansi miaka ishirini na mitatu katika shule moja ya msingi kule Ndabibi, na siku aliyoipenda kuliko zote ilikuwa siku ya karai. Siku hiyo madawati ya gredi ya sita yalisukumwa ukutani, karai kubwa la maji likawekwa katikati, na kabla kitu hakijatiwa majini kila mtoto ilibidi aamue kwa miguu yake. Anayesema kitaelea aende dirishani. Anayesema kitazama aende mlangoni. Katikati hakuna kusimama.

"Na mwenye hajui?" Kipruto aliuliza siku moja.

"Mwenye hajui pia ana miguu," akamjibu.

Akashika jiwe, lile jepesi lenye matundu ambalo akina mama wa huko huliokota shambani wakasugulia visigino. Darasa zima likakimbilia mlangoni, kwa sababu jiwe ni jiwe. Jiwe likaelea. Kelele zikafika mpaka ofisini. Chesang akawaacha wapige kelele kwanza, kisha akalivunja jiwe na nyundo wajionee vile limejaa hewa. Baada ya hapo akachukua kipande cha bati, akakikunja kikawa donge, kikazama. Akakinyoosha, akakifanya kama kibakuli, kikabeba maharagwe manane bila kulowa.

"Uzito si umebaki ule ule?" aliwauliza. "Kwa hivyo maji yanaangalia nini tena? Yanaangalia nafasi uliyoshika."

Mwisho kabisa kilikuja kiazi. Kwa maji ya kawaida kiazi kilizama. Kwa maji ya chumvi kilipanda juu polepole kama mtu anayeamka. Chumvi yenyewe ilikuwa ile ya ng'ombe, maana hakuna boma lisilokuwa nayo, lakini chumvi hiyo huwa na udongo mwekundu ndani yake. Kwa hivyo jioni ya kuamkia somo, watoto wakishaenda nyumbani, Chesang aliikoroga hadi mkono ukauma, akafunika ndoo na leso, akaiacha ilale. Asubuhi udongo ulikuwa umekaa chini, naye akateka maji safi ya juu. Kazi hiyo hakuwahi kumsimulia mwalimu mwenzake. Hakuona kama ni jambo la kusimulia.

Mwalimu Wachuka, naye wa sayansi, alikuwa amefika shuleni miaka mitatu nyuma, msichana mgeni asiye na nyumba. Chesang alimpa chumba cha mwanawe Kiplimo aliyekuwa ameenda kazi Nakuru. Muhula mzima walikula sufuria moja, na kila Alhamisi walienda maombi ya akina mama wakiwa pamoja. Wachuka alimwita Mama Kiplimo hata mbele ya walimu wengine. Siku ya karai mwaka jana alikuja na simu yake.

"Mama Kiplimo, wacha nirekodi. Nitawekea wazazi kwa grupu waone watoto wao."

Chesang akakunja mikono ya sweta ili isilowe, akaendelea na somo.

Mwaka huu madarasa yaliunganishwa. Hedimasta, Bwana Mbugua, alisema shule itabaki na mwalimu mmoja wa sayansi, na mwingine atashuka gredi ya pili. Wageni kutoka ofisi ya elimu wangekuja kuangalia somo, kisha waamue. Chesang aliomba juu ya jambo hilo, lakini kusema kweli hakuomba sana. Alijua wageni wakiliona karai watasema nini.

Jumatatu Mbugua akatangaza kwenye chumba cha walimu: "Mwalimu Wachuka ndiye atafundisha mbele ya wageni. Ameniletea video ya somo lake la kuelea, nikaituma ofisini. Wameipenda sana."

Simu ikapitishwa mkono kwa mkono. Kwenye video kulikuwa na karai, jiwe, na mikono miwili isiyo na uso. Sauti ilikuwa ya Wachuka, aliyoiweka juu yake baadaye. Chesang akaangalia kidole gumba cha kushoto chenye kovu la kuunguzwa na uji.

"Hii ni mikono yangu," akasema.

Mbugua akacheka. "Mwalimu, mikono ya walimu yote ni moja. Ni chaki tu."

Chesang akamgeukia Wachuka, akimngojea. Wachuka alikuwa anasahihisha vitabu. Hakuinua macho.

"Tulisaidiana, Mwalimu," alisema.

Mwalimu. Neno hilo lilimchoma Chesang kuliko video yenyewe.

Siku ya wageni alipewa kazi ya kupanga viti nyuma ya darasa. Akakaa hapo, akatazama somo lake likifundishwa mbele yake. Dirishani, mlangoni. Jiwe. Bati na maharagwe. Wachuka alisema hata lile la mwenye hajui pia ana miguu, na wageni wawili wakacheka.

Kisha akaleta ndoo ya chumvi, aliyoikoroga asubuhi ile ile. Maji yalikuwa mekundu kama ya mto uliofurika. Akatia kiazi. Kiazi kikapotea. Akatia mkono, akatafuta, akakorogakoroga, na chumvi isiyoyeyuka ikawa inakwaruza chini ya ndoo.

Natalie, msichana wa mbele, akainua mkono kwa adabu. "Mwalimu, si hii huwa inalala? Mwalimu Chesang huwa anaiacha ilale."

Watoto walikuwa wameona ndoo imefunikwa asubuhi kila mwaka, tangu wakiwa madarasa ya chini. Wageni wakageuka kutazama nyuma.

Wachuka akajipangusa mkono na sketi. "Ni kweli, ilifaa ilale," alisema bila haraka. "Hiyo kazi nilimwachia Mwalimu Chesang jana. Nadhani alisahau. Umri nao."

Kuna mtu akacheka kidogo. Chesang akasimama.

"Sikusahau," akasema. "Hakuna mtu aliniambia."

Mgeni mmoja akaandika kitu kwenye karatasi, akawashukuru wote wawili.

Wiki iliyofuata barua ikaja. Jina la Wachuka lilikuwa limeshaenda mbele pamoja na video, Mbugua alieleza, na kulirudisha ni shida. Sayansi ni ya Wachuka. Chesang gredi ya pili.

Saa nne Wachuka akamkuta kwenye kabati la sayansi, akitoa leso yake na vikombe vyake. Alikuja kuchukua ufunguo wa kabati.

"Mama Kiplimo, usinikasirikie. Gredi ya pili ningeenda kuozea huko."

"Ungeniomba, Wachuka. Somo ningekupa. Ningekuonyesha hata chumvi."

"Na darasa? Ungenipa?"

Chesang alifikiri. Hakutaka kudanganya, wala hakutaka kujifanya mwema kuliko alivyo.

"Hapana," akasema. "Darasa nisingekupa."

"Basi si unaona."

"Naona."

Wachuka akanyoosha kiganja. Chesang akamwangalia usoni, msichana aliyewahi kumfulia mashuka alipougua malaria. Kisha akaweka ufunguo juu ya kabati, mahali ambapo mtu angeweza kuuchukua mwenyewe, akabeba vikombe vyake na kwenda gredi ya pili, ambako watoto arobaini na mmoja walikuwa wakimngoja awafundishe kusoma.